Mifumo iliyoamini kila ilichoambiwa

Katika kazi yangu ya kuhudumia kompyuta na mitandao ya ofisi ndogo hapa Dodoma, vijana wanaotoka chuoni huniuliza kwa nini mifumo endeshi ya zamani ilidukuliwa kirahisi namna ile. Huwajibu kwamba mara nyingi mdukuzi hakuvunja chochote, kwa sababu mfumo wenyewe uliamini kila ulichoambiwa.

Windows 98, iliyokuwa imejaa katika maduka ya steshenari, ilikuomba nywila, nawe ukibonyeza Esc ilikufungulia, kwani nywila ile haikuwekwa kulinda mafaili. Hilo halina mjadala mrefu.

Kisa chenye mafunzo zaidi ni cha tarehe 2 Novemba 1988, pale Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, alipoachia kwenye intaneti programu inayojinakili yenyewe kutoka mashine moja hadi nyingine. Njia yake mojawapo ilikuwa finger, huduma ya mfumo endeshi wa Unix iliyotoa taarifa za watumiaji wa kompyuta. Huduma hiyo ilitenga nafasi ya baiti 512 kwa ajili ya swali linaloingia, lakini kazi ya kulisoma iliachiwa gets, amri ya lugha ya C ambayo haipimi urefu wa kitu inachopokea. Programu ya Morris ilituma baiti 536. Zilizozidi ziliifuta anwani ambayo prosesa ilipaswa kurudi baada ya kazi ile na kuweka nyingine mahali pake, hivyo mashine ya VAX, aina ya kompyuta ya wakati ule, ikaanza kutekeleza maagizo ya mgeni kana kwamba ni yake yenyewe. Mimi huwa sishangazwi sana na ujanja wa Morris. Kinachonishangaza ni kwamba kupima urefu kungehitaji mstari mmoja tu wa programu.

Miaka 23 baadaye, ruta za nyumbani zilionyesha imani ileile. Desemba 2011 Stefan Viehböck, mtafiti wa usalama wa kompyuta, alieleza dosari ya WPS, utaratibu wa kujiunga na waifai kwa namba ya tarakimu nane. Tarakimu ya mwisho hukokotolewa kutokana na saba zilizotangulia, kwa hiyo mbahatishaji alipaswa kukabiliwa na namba milioni 10. Lakini ruta ilikuwa ikikagua tarakimu nne za kwanza peke yake na kujibu kama ni sahihi au la, mfano wa mlinzi anayemwambia mwizi kwamba nusu ya kwanza ameipata, sasa atafute iliyobaki. Majaribio yakashuka hadi 10,000 kwa nusu ya kwanza na 1,000 kwa ya pili, yaani 11,000 tu, kazi inayokamilika kwa saa kadhaa ikiwa ruta haimfungii anayekosea mfululizo.

Ndiyo maana katika ofisi ninazohudumia huzima WPS kabla hata ya kubadilisha nywila ya kiwandani, kisha hujaribu kujiunga kwa namba ile, kwa kuwa baadhi ya ruta za miaka ile ziliendelea kuijibu hata baada ya menyu kuonyesha kwamba imezimwa.