Bao Ambalo Sikuliona

Tarehe 28 Mei 2023, Islam Merili wa USM Alger alipofunga bao lililokuja kuamua fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, nilikuwa ndani ya Uwanja wa Benjamin Mkapa, katika viti vya mzunguko, nikiwa nimeugeuzia uwanja mgongo. Dakika mbili kabla ya hapo Fiston Mayele alikuwa ameisawazishia Yanga, na mimi, kama maelfu ya watu waliokuwa wamenizunguka, nilikuwa nimekumbatiana na mtu nisiyemjua. Bao la Merili nililisoma kwenye nyuso za watu waliokaa safu za juu yangu. Nimeulizwa mara nyingi kwa nini siku ile inaniuma kuliko vipigo vingine vyote nilivyowahi kuvishuhudia, na jibu langu limekuwa hilo moja.

Ili mtu aelewe uzito wa dakika zile mbili, sharti akumbuke tulikotoka. Msimu ule tulitolewa Ligi ya Mabingwa na Al Hilal ya Sudan, tukaangukia Kombe la Shirikisho, na tulipotoka sare ya bila kufungana na Club Africain hapa nyumbani, wapo Wananchi, yaani mashabiki wenzangu wa Yanga, waliokata tamaa kabisa na kusema kuwa safari ya Tunis ni ya kukamilisha ratiba. Stephane Aziz Ki akafunga huko huko Tunis, tukapita kwa bao hilo moja. Kuanzia hapo mambo yakabadilika. Tuliifunga TP Mazembe nyumbani na kwao Lubumbashi, jambo ambalo wazee wa mtaani kwetu walilirudia kulisimulia kila jioni kwa wiki nzima, tukaongoza kundi, tukaitoa Rivers United ya Nigeria, kisha tukaitoa Marumo Gallants ya Afrika Kusini kwa jumla ya mabao 4-1. Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa ameahidi shilingi milioni 5 kwa kila bao katika hatua ya makundi, na maneno "goli la mama" yalikuwa kinywani mwa kila mtu, hata akina mama wauza maandazi ambao hapo awali hawakuwa na habari na mpira. Hakuna klabu ya Tanzania iliyokuwa imewahi kufika fainali ya kombe hili.

Mjomba wangu, ambaye ni Simba wa damu, ndiye pekee nyumbani kwetu aliyekuwa mtulivu. Yeye alikuwemo uwanjani mwaka 1993, katika Uwanja wa Taifa wa zamani ambao sasa unaitwa Uwanja wa Uhuru, Simba ilipocheza fainali ya Kombe la CAF, mashindano mengine ya Afrika ya wakati ule, na Stella ya Abidjan. Simba ilikuwa imerudi kutoka Ivory Coast na sare ya bila kufungana, na Dar es Salaam nzima iliamini kwamba kilichobaki ni kulipokea kombe. Stella wakashinda 2-0, hapa hapa nyumbani. Jumamosi, siku moja kabla ya mchezo wetu, nilipokwenda kumsalimia na kumtania kwamba sasa zamu ni ya Yanga kufanya walichoshindwa wao, aliitikia shikamoo yangu, akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Mwanangu, fainali ya mikondo miwili ni mchezo mmoja wa dakika 180. Msishangilie katikati ya mchezo." Nilimwona kuwa anaona kijicho. Leo naandika maneno yake kwa heshima yote, na kwa majuto.

Siku yenyewe tulitoka Tandika mapema, mimi na mdogo wangu, tukaamua kutembea kwa miguu kwa kuwa daladala zilikuwa zimejaa mpaka milangoni. Njia nzima ilikuwa njano na kijani. Tulipofika karibu na uwanja tulikuta umati ambao sijawahi kuuona tena, watu wakisukumana kuelekea malangoni, na mahali fulani nilihisi miguu yangu inainuka kutoka ardhini, nikapelekwa na watu hatua kadhaa bila mimi mwenyewe kutembea. Ndala yangu ya mguu wa kushoto ilichomoka, na sikuthubutu kuinama kuitafuta. Nilimshika mdogo wangu mkono kwa nguvu hivi kwamba jioni alinionyesha alama za kucha zangu. Sisi tulipita salama. Baadaye ilitangazwa kuwa mtu mmoja alifariki dunia katika msongamano wa siku ile na wengine wapatao 30 walijeruhiwa. Mtu yule alitoka kwake asubuhi kama tulivyotoka sisi, kwa nia ile ile. Siwezi kuisimulia fainali ile bila kumtaja, na ninaamini kila aliyekuwepo humkumbuka.

Mchezo wenyewe, katika kipindi cha kwanza, ulikuwa wa kukosa raha. USM Alger walikuja wakijua wanachokitaka, wakatulia, wakatuacha tuhangaike na mpira, kisha katika dakika ya 32 Aymen Mahious akafunga. Uwanja wa watu 60,000 ukanyamaza kiasi kwamba nilisikia sauti za wachezaji wao wakishangilia. Mtu asiyewahi kukaa katika ukimya wa namna ile hawezi kuujua, kwa sababu si ukimya wa watu kutokuwepo; ni ukimya wa watu wote kushusha pumzi kwa wakati mmoja. Tulikwenda mapumziko hivyo. Kipindi cha pili kilikuwa chetu kwa kiasi kikubwa, lakini dakika zilikwenda, na kufikia dakika ya 75 wapo waliokuwa wameanza kujadiliana njia ya kutokea.

Dakika ya 82 Mayele akafunga. Mayele, ambaye alimaliza mashindano yale akiwa mfungaji bora kwa mabao 7, alikuwa ametufundisha mtindo wake wa kushangilia kwa kutetema, na uwanja wote ukatetema. Mbele yangu kulikuwa na mzee mmoja mnene, aliyejifunga kitambaa cha njano kichwani na kuning'iniza vuvuzela shingoni kwa kamba ya kiatu. Aligeuka, akanikumbatia, na vuvuzela ile ikanibana kwenye mfupa wa bega mpaka nikasikia maumivu, lakini hakuna aliyekuwa tayari kumwachia mwenzake. Alikuwa akisema "Alhamdulillah" mfululizo, bila kumeza mate. Tukazunguka hivyo kama watu wanaocheza ngoma, mpaka mgongo wangu ukawa kwenye uwanja na uso wangu ukawa kwenye jukwaa.

Juu yangu, safu ya tatu au ya nne, alikaa mtoto wa kiume wa miaka kama 10 aliyebebwa mapajani na baba yake, mkononi ameshika karanga zilizofungwa kwenye karatasi ya daftari. Yeye hakuwa akishangilia tena; watoto huchoka haraka kushangilia, na alikuwa amekwisha kurudi kuutazama mpira. Alikuwa ametia karanga mdomoni, mkono ukiwa bado mbele ya midomo, na mkono ule ukasimama hapo hapo. Macho yake yakafuata kitu kutoka kulia kwangu kwenda kushoto. Kisha nikaona uso wa baba yake ukibadilika, kisha wa mwanamke aliyekuwa pembeni yao, kisha safu nzima, mmoja baada ya mwingine, kama taa za nyumba zinavyozimika umeme unapokatika mtaani. Mzee aliyenikumbatia alikuwa bado anasema "Alhamdulillah". Nilipogeuka, wachezaji wa USM Alger walikuwa wamerundikana, na kipa wetu, Diarra, alikuwa anautoa mpira wavuni. Ilikuwa dakika ya 84. Mchezo ukaisha 2-1.

Wiki iliyofuata, kuanzia Jumapili ile usiku hadi Jumamosi, mtaa wetu ulikuwa wa hesabu. Mikondo miwili, mmoja nyumbani na mmoja ugenini, huwafanya watu wote kuwa walimu wa hisabati. Vijana wa kijiwe cha bodaboda walikuwa wameandika kwa chaki ukutani matokeo yote yanayotufaa: tukishinda 2-0 kombe ni letu, tukishinda 2-1 inakuwa 3-3 na mabao ya ugenini yanalingana, tukishinda 1-0 inakuwa 2-2, na wao wanachukua kombe, kwa kuwa jumla ikilingana hushinda aliyefunga mabao mengi zaidi ugenini, nao walifunga mawili kwetu. Mstari ule wa 1-0 ulichorwa mkato. Ulaya, UEFA ilikuwa imekwisha kuifuta kanuni ya bao la ugenini tangu msimu wa 2021/22, lakini kwetu Afrika ilibaki, na siwezi kusema kwamba ilitudhulumu, maana mwaka 1987 kanuni hiyo hiyo iliwapa jirani zetu Gor Mahia Kombe la Washindi, walipotoka sare ya 2-2 Tunis na Espérance na kumaliza 1-1 Nairobi. Kilichonisumbua mimi ni kuwa ukiliondoa bao moja tu, lile ambalo sikuliona, mstari wa 1-0 ukutani pale unatupa kombe.

Wengi hawakuamini kuwa tunaweza kushinda Algiers hata kwa bao moja. Mwaka 2018, katika hatua ya makundi, USM Alger hawa hawa walitufunga 4-0 kwao. Tarehe 3 Juni, usiku, nilikwenda kibanda umiza, kibanda cha kutazamia mpira, karibu na nyumbani nikiwa nimejiandaa kuumia haraka. Mabenchi yalikuwa yamejaa, feni ilikuwa moja, na kwa mshangao wangu mjomba alikuwa amekaa benchi la nyuma kabisa, amevaa kikoi na shati jeupe, hakuvaa rangi ya mtu yeyote. Nilimsalimia, akanisogezea nafasi.

Dakika ya 7 tukapata penalti, na Djuma Shabani akafunga. Bati za kibanda zilipigwa kwa ngumi mpaka mwenye kibanda akaomba watu wamhurumie. Nami niliruka, ila safari hii sikumkumbatia mtu, wala sikuyatoa macho kwenye runinga. Kuanzia pale tulihitaji bao moja tu, na tulikuwa na dakika zaidi ya 80 za kulitafuta katika uwanja ule unaoitwa kwa tarehe ya uhuru wao, Julai 5, 1962, huku moshi wa fataki ukifunika majukwaa. Naweza kusema bila upendeleo kwamba sijapata kuiona Yanga ikicheza ugenini kwa ujasiri wa namna ile. Katika kipindi cha pili wao wakapewa penalti, na Djigui Diarra akaipangua. Kibandani kuna mtu alianguka kutoka kwenye benchi, na hakuna aliyemwinua kwa sababu hakuna aliyetaka kukosa kitakachofuata. Mjomba, Simba huyu, alinishika goti. Hakuliachia mpaka mwisho.

Bao la pili halikuja. Filimbi ilipopulizwa ubao ulisomeka 1-0 kwetu, na waliokuwa wakishangilia ni wao. Wachezaji wetu walishinda fainali ya Afrika ugenini, wakavishwa medali za washindi wa pili. Nilimwona mmoja wao amekaa kwenye nyasi amejifunika uso kwa jezi, na sikutaka kujua ni nani.

Watu walitoka kibandani bila kelele. Nilisubiri utani wa mjomba, kwa kuwa ilikuwa haki yake. Mimi mwenyewe nisingemwachia kama mambo yangekuwa kinyume. Hakusema neno la utani. Hata miezi michache baadaye, Abdelhak Benchikha, kocha aliyetunyima kombe lile, alipokuja kuifundisha Simba, mjomba hakuligusia hilo mbele yangu, na kwa mtani wa jadi hiyo ni heshima kubwa mno.

Tulirudi nyumbani kwetu pamoja. Ilikuwa imeshapita saa sita usiku, na mama alikuwa ametuachia wali na maharage chini ya kawa. Nilisema sina njaa. Mjomba akaninawisha mikono kwa lazima, kama nilivyokuwa mtoto, akaanza kula yeye kwanza. Alikula matonge mawili matatu, akanyanyua kichwa na kuniuliza kama niliona Diarra alivyosubiri kabla ya kuruka. Nikasema niliona vizuri, hakusubiri, aliruka mapema. Akakataa. Tukabishana, mpaka akanawa mikono, akasimama katikati ya jiko, akaweka ndimu sakafuni mahali pa mpira, akaniambia niende mlangoni nikawe kipa. Nikainuka.