Wateja wangu waliletwa na watoto

Nilipofungua saluni yangu huku Katuba, Lubumbashi, nilikuwa na mashine mbili, kioo kirefu na kiti nilichouziwa na kinyozi mwenzangu aliyehama mji. Kwenye avenyu yetu pekee tulikuwa vinyozi wanne. Miezi ya kwanza nilifanya kama wote: nikachoresha vichwa ukutani, nikaweka muziki mlangoni, nikashusha bei kutoka franka 3000 hadi 2000. Jirani naye akashusha. Wateja hawakuongezeka, tuligawana njaa tu.

Mambo yaligeuka kwa sababu ya kosa langu mwenyewe. Mwaka wa masomo kwetu hufunguliwa mwanzoni mwa Septemba, na walimu hawataki kuona nywele ndefu, kwa hiyo Jumamosi ya mwisho watoto hujaa benchi lote. Siku ile nilinyoa mmoja baada ya mwingine, mashine naipangusa kwa brashi tu. Wiki mbili baadaye, mama mmoja anayeuza mihogo sokoni alisimama mlangoni, kiganja kimefunika kichwa cha mwanawe. Hakupiga kelele.

"Papa, angalia."

Akaondoa mkono. Nyuma ya sikio palikuwa na duara kama kifuniko cha chupa ya soda. Ngozi ilikuwa na magamba meupe, nywele zimekatikia chini kabisa, zimebaki nukta nyeusi. Mapunye.

"Nyumbani hakuna mwenye hii. Imetoka kwako."

Sikubisha. Nilikumbuka kichwa kingine cha Jumamosi ile, chenye duara kama hilo. Nilidhani ni kovu, nikapitisha mashine juu yake.

Nilifunga mlango, tukaenda wote kituo cha afya, dawa nikalipa mimi. Muuguzi alitueleza kwamba fangasi wa mapunye huingia hadi kwenye mzizi wa unywele, pomada ya kupaka peke yake haifiki huko. Mtoto hupewa dawa ya kumeza, mara nyingi kwa wiki sita hadi nane. Na huambukizwa kwa vitu vinavyopita kichwa hadi kichwa: kitana, kofia, taulo, mashine. Nikamuuliza, sasa mashine yangu niifanye nini? Yote aliyoniambia siku ile nayafuata mpaka leo.

Kwanza nywele zote zitoke kwenye meno ya mashine, kwa sababu dawa haiui kitu kilichojificha chini ya nywele na mafuta. Halafu alkoli ya asilimia 70. Ile kali zaidi hukauka upesi kabla ya kufanya kazi, na maji kidogo ndiyo yanayoisaidia kupenya. Inaachwa ikauke yenyewe, haipanguswi. Kisha tone la mafuta, maana alkoli hukausha chuma. Javeli, ile dawa ya klorini ya kung'arisha nguo nyeupe, nilikuwa nimejaribu zamani, ikanilia meno mawili kwa kutu. Wakati mashine moja inakauka, nanyoa kwa nyingine. Wembe ni mpya kwa kila mtu, naufungua mbele ya macho yake, kwani virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili siku saba au zaidi. Shingoni siweki tena taulo la wote. Natumia karatasi laini, nikimaliza naitupa.

Haya yote nayafanya mbele ya mteja. Zamani meza ya vifaa ilikuwa nyuma ya pazia. Niliihamishia mbele ya kioo, mteja aone chupa, aone brashi, asubiri pamoja nami alkoli ikauke. Kiangazi, vumbi jekundu la mji huu linapoingia kila mahali, nafunika mashine kwa kitambaa cheupe, na kitambaa hicho nakifua kila jioni.

Jambo gumu ni kumrudisha mteja bila kumnyoa. Mtoto akija na mapunye simnyoi. Namwita mama pembeni, kwa sauti ya chini, watoto wengine wasisikie wakaanza kumcheka. Namwambia: Mama, mpeleke kituo cha afya kwanza, akipona nitamnyoa bure. Niliogopa kwamba nafukuza pesa. Lakini mama hao walirudi, na kila aliyerudi alikuja na wadogo wa yule mtoto, kisha na jirani, halafu baba akaja mwenyewe na ndevu zake.

Baba wengi wana vipele shingoni, maana unywele uliojikunja ukikatwa karibu sana huchoma ngozi unaporudi kuota. Hao siwapitishii wembe. Nawaachia milimita moja kwa mashine, vipele vinapungua.

Bei niliirudisha franka 3000, hakuna aliyelalamika. Kwa ajili ya delestaji, yaani mgao wa umeme, nilinunua betri, na umeme ukirudi usiku nawaandikia wateja kwenye simu kwamba nipo hadi saa tatu.

Septemba iliyofuata yule mama wa mihogo alikuja na watoto watatu. Hakukaa kwenye benchi. Alisimama kando ya meza, akanitazama nikisafisha, akasubiri alkoli ikauke, ndipo akamsukuma wa kwanza kwenye kiti.