Soketi za Kifuani

Jana dalali yule yule kanitumia tena picha. Dari la jipsamu, taa za kubadilika rangi, marumaru zinazong'aa mpaka unajiona, na chini yake: "Dada, nyumba ya kuhamia hiyo, maelewano yapo." Sijamfuta kwenye simu. Baba Zuhura anasema napenda kujitesa.

Zikanirudisha Kigogo, Dar es Salaam, Agosti 2019, tulipokwenda kuona nyumba ya kununua.

Mwenye nyumba alikuwa kijana anayenunua nyumba zilizochoka, anazikarabati chapuchapu, anauza. Ubaya uko wapi, biashara ni biashara. Ile aliinunua baada ya Idi el Fitri, na Idi el Haji ikamkuta keshaiweka sokoni kwa milioni 65. Sisi tulikuwa na arobaini na ushee, ahadi ya mkopo, na hasira za kupanga. Mama mwenye nyumba wetu wa Sinza alishaanza tena kutuhesabia ndoo za maji.

Rangi ilikuwa bado inanuka. Nikapita vyumbani, nikafungua mabomba (maji yakatoka, nikashangaa), nikachungulia choo. Sebuleni nikataka kuchaji simu. Nikainama kutafuta soketi, hakuna. Nikahamia ukuta wa pili, hakuna. Nilipoinuka ndipo nikaiona, iko usawa wa kifua changu. Zote ziko hivyo: sebuleni, chumbani, hata ile ya friji jikoni. Nikachomeka, na kwa kuwa hapakuwa na pa kuiweka, simu ikawa inaning'inia kwa waya wake, inabembea taratibu kwenye ukuta mweupe, na mimi nimesimama naitazama.

"Ndiyo fasheni ya sasa hiyo, dada," dalali akasema. "Watoto wasiguse umeme."

Jibu zuri kabisa. Zuhura enzi hizo alikuwa anachokonoa kila tundu analoliona, kidogo nimshukuru. Ila nikakumbuka kuwa tulipoingia tuliruka kizingiti cha zege cha kunifika ugokoni, kimevikwa marumaru kikapendeza.

Nikatoka uani kupunga upepo. Nyumba ya jirani haikuwa na rangi mpya. Bibi mmoja alikuwa kaketi barazani anachambua mchicha, na nyuma yake ukutani kuna mstari wa kahawia, umenyooka utadhani umepigwa kwa rula, juu kidogo ya kiuno changu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mmekuja kuiona?"

"Tumekuja. Bibi, huo mstari ni maji?"

"Hayo ya mwaka jana," akasema, mikono haijaacha mchicha. "Ya 2011 yalipita mlango. Wenzangu walipewa viwanja Mabwepande. Mimi nikasema, kule mchicha nitamuuzia nani?"

Baba Zuhura naye alishashuka mpaka ukingo wa Msimbazi, anarudi kwa hatua ndefu huku midomo inacheza. Sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka mtoni. Hatua zake hazikufika hata nusu. Karatasi ya nyumba yenyewe ilikuwa leseni ya makazi, kibali cha muda, si hati miliki. Na zile X nyekundu zilizochorwa kwenye nyumba za bondeni za kubomolewa, mwisho wa 2015, tuliziona sote tukiwa kwenye daladala, tukasema masikini, tukaendelea na safari.

Tukaomba muda wa kufikiri. Dalali akatuonya kuwa kuna mteja mwingine mwenye fedha mkononi. Mteja huyo huwa hakosekani. Safari hii alikuwepo kweli, akanunua.

Akaweka wapangaji. Kisha ukaja mradi wa kuzuia mafuriko bonde la Msimbazi, wakazi wakatakiwa kuhama, nyumba zikathaminiwa, akalipwa fidia, na dari la jipsamu na marumaru vikaingia kwenye hesabu. Haya kanisimulia dalali, kwa raha zake zote. Wapo waliolalamika kuwa walichopewa hakitoshi hata kununua kiwanja cha maana. Huyu, eti, kajenga Chanika. Mtu anayeishi kwa asilimia 10 ya kila mauzo, sijui nimwamini mpaka wapi.

Baba Zuhura hataki kuyasikia. Anasema masika moja tu ingetosha kututoa mbio usiku na mtoto mgongoni. Sawa. Ila kila ninapohesabu kodi ya miezi sita, huwa najiuliza kama yule mnunuzi aliziona soketi akapiga hesabu zake, au hakuziona kabisa.