Mdundiko uliolazwa

"Mama, singeli ni S kubwa au ndogo?" Mwanangu aliuliza jana akiandika insha, mie namenya vitunguu. Nikamjibu ndogo, kisha nikabaki nacheka peke yangu, maana alinikumbusha yule mhariri wa kitabu changu.

Mswada ulikuwa wa hadithi za Temeke. Barua, ahadi na njoo-kesho zake nayaruka. Siku nilipoitwa, mzee aliitikia shikamoo yangu bila kuinua kichwa. Karatasi zangu zilikuwa zinapeperushwa na feni, kazigandamiza kwa bilauri ya chai. Akanisomea kwa sauti, neno kwa neno: "Kaka, pigeni nimekuja kuaga." Akanitazama juu ya miwani.

"Binti, huyu mlevi anaondoka au anaomba wimbo?"

"Anaomba wimbo, mzee."

Wimbo wenyewe niliutunga mimi. Akautia alama za mtajo moja moja, kwa kuwa zile mbilimbili zilishashikwa na maneno ya mlevi, kisha akakuza N, akakuza K. Wino mwekundu ukavuja kidogo kwenye K. Ikawa: "Kaka, pigeni 'Nimekuja Kuaga'." Hapo sikuwa na ubishi.

Ubishi ulikuja kwenye ngoma. Sikinde tulielewana: akina mama wakiicheza uani ni ngoma ya Wazaramo, s ndogo, vijana wakienda kuwasikiliza Mlimani Park, bendi iliyoanza 1978 ikajiita kwa jina hilo, S kubwa. Lakini mdundiko aliupigia mstari chini, yaani mpiga chapa auweke kwa herufi za mlazo.

"Msomaji wa Kigoma haujui."

Nikamwambia wimbo una jina lake kwa kuwa kuna aliyeutunga na kuubatiza. Ngoma watu wanaicheza tu, kama wanavyokula. Nani hulaza neno ugali? Na Temeke mdundiko hupita barabarani na msururu wa watu nyuma, kila mtu anaujua. Mzee akacheka, akaniagizia chai. Nikadhani nimeshinda.

Kitabu kilitoka, mdundiko umelala. Shangazi yangu wa Mbagala alikishika mbali na macho, akaweka kidole palepale.

"Mbona huu umeinama?"

"Mhariri kaulaza, shangazi."

"Mwambie auinue, watu wanacheza."

Sikumwambia. Na kitabu hakikuchapwa tena.