Bonde tambarare halina mteremko wa kukupumzisha

Kuna watu ukiwaambia unaenda kuendesha bondeni, njia yote tambarare, mabwawa huku msitu kule, wanakwambia aah hiyo ni ya kupunga upepo tu, mazoezi yako milimani. Mi siwakubalii hata kidogo. Naipenda milima, ila barabara inayofuata mto kwenye bonde pana ndo inayonifundisha kuendesha baiskeli, na kila nikirudi huko naona kitu ambacho mlima haukuwahi kunionyesha.

Mlimani unapanda unateseka, sawa, lakini ukifika juu kuna kushuka, unaacha kukanyaga, unakunywa maji, moyo unatulia, mgongo unanyooka. Bondeni hakuna huo mshuko. Mto wenyewe unaweza kuwa unateremka mita moja tu kila kilomita, jicho halioni na mguu hausikii, kwa hiyo ukiacha kukanyaga baiskeli inaanza kufa mwendo hapohapo na kuurudisha lazima utoe nguvu upya. Miguu inazunguka saa ya kwanza, ya pili, ya tatu, kazi ileile, na anayesema tambarare ni rahisi mara nyingi ameizoea ya nusu saa.

Alafu kuna upepo, na hapa naomba nikae kidogo maana ndo habari yenyewe. Ukishapita mwendo wa kama kilomita 20 kwa saa, kinachokuzuia zaidi kwenye lami nzuri ya tambarare si uzito wako wala matairi, ni hewa. Na hewa haidai kidogokidogo. Ukitoka 30 ukaenda 33 umeongeza asilimia 10 tu ya mwendo, lakini nguvu ya kuipasua hewa imepanda kwa karibu asilimia 33, ndo maana zile kilomita tatu za mwisho zinauma hivyo. Sasa weka upepo wa mbele, we unaenda 20 na wenyewe unakuja 20, kifua kinapigwa na hewa ya 40 wakati barabara inakuhesabia 20 tu. Eddy Merckx, yule Mbelgiji wa mashindano ya baiskeli, alipotaka rekodi ya saa moja (nani anaenda umbali mrefu zaidi ndani ya saa moja) mwaka 1972 alienda mpaka Mexico City, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, kwa sababu hewa ya huko ni nyepesi, akapiga kilomita 49.431. Bingwa wa mabingwa, na bado hesabu yake ya kwanza ilikuwa hewa! Sisi tunaoendesha mabonde ya chini tunaipata ikiwa nzito, na hakuna kilima cha kujificha nyuma yake.

Kitu ninachokipenda sana ni jinsi mto unavyokugeuzia huo upepo. Bonde likiwa limelala hivi mto hauna haraka, unajikunja kulia, unajikunja kushoto, na barabara ya ukingoni inajikunja nao. Kwa hiyo upepo uleule mmoja unakuja usoni, baada ya kona unakusukuma mgongoni unaona leo nina miguu kweli, kona nyingine unakupiga ubavuni unataka kukutupa pembeni. Ukishajua upepo unatoka upande gani unaanza kuisoma barabara kabla hujaifikia, nyasi zinalala wapi, maji ya bwawa yana mawimbi au yametulia, na unajua kabisa kona ile ya mbele ushuke gia au upandishe. Sehemu ngumu kuliko zote ni pale barabara inapopita juu ya tuta la kuzuia mafuriko, umeinuliwa juu ya mashamba na maji, hakuna mti hakuna ukuta, upepo unakupata mzimamzima. Hapo unashika hendo (usukani wa baiskeli) chini, viwiko vinakunjwa, kichwa kinashuka ila macho yanabaki mbele, na unaendesha kwa pumzi, unaachana na kuangalia spidi kwenye kikompyuta cha baiskeli maana itakukatisha tamaa bure.

Na haya mabwawa mengi hayakutokea hivihivi. Mto ukijikunja sana, siku ya mafuriko unaikata ile kona na kujichongea njia fupi, kona ya zamani inabaki pembeni imejaa maji, imepinda kama mundu. Mengine yamechimbwa na watu kwa ajili ya samaki, hayo unayajua kwa kingo zilizonyooka. Kwa mwendesha baiskeli bwawa lina hali yake ya hewa. Alfajiri baada ya usiku mtulivu, hewa baridi imeshuka imejaa sehemu za chini, maji bado yana joto, basi ukungu unasimama juu ya barabara, na unapita kwenye baridi ya ghafla kisha joto kisha baridi tena ndani ya dakika chache. Lami inakuwa na unyevu hata kama mvua haijanyesha, kwa hiyo kona za pembeni ya maji mi huziingia taratibu, na taa ya nyuma nawasha hata kama jua limeshatoka kwa sababu dereva aliye ndani ya ukungu hakuoni kwa jezi yako ya rangi kali, anakuona kwa taa. Jioni ni zamu ya wadudu. Miwani ya kioo cheupe si ya urembo hapo, mdudu mmoja kwenye jicho ukiwa spidi ya 30 na gari liko nyuma yako ni hatari ya kweli. Ila pia ndo muda wa korongo na bata kutua, na kwa hilo sitaacha kwenda jioni.

Msitu nao ni habari nyingine kabisa. Unaingia tu, upepo unakatika, sauti inabadilika, unasikia cheni yako mwenyewe, mwendo unapanda bila kuongeza chochote. Ndo raha ya njia hizi, zinapishana, wazi, msitu, wazi, msitu. Lakini msitu una madeni yake. Mizizi inainua lami kutoka chini inatengeneza matuta madogo ambayo ramani haikwambii, majani yaliyolowa yanateleza kuliko maji yenyewe, na vivuli vinavyochezacheza barabarani vinaficha mashimo vizuri sana. Ukitoka kwenye jua kali macho yanahitaji muda kuzoea giza, na ukiwa na miwani myeusi ndo kabisa, kwa hiyo mita zile za kwanza acha nafasi kubwa na wa mbele yako. Na kutoka msituni kuna hatari yake, ule upepo uliokuwa umesahaulika unakupiga ubavuni mara moja mti wa mwisho ukiisha, na kama rimu zako zina ubavu mpana gurudumu la mbele linavutwa. Shika hendo kwa mikono miwili kabla hujatoka, usiwe unafungua chupa ya maji hapo.

Haya, na wenzako. Bondeni ndo utajua thamani ya mtu wa mbele. Kukaa karibu na gurudumu la mwenzako kunaweza kukupunguzia kazi kwa robo mpaka theluthi, wakati mwingine zaidi, na ndo maana kundi linalopokezana vizuri linaenda mwendo ambao hakuna hata mmoja wao angeuweza peke yake kwa muda ule. Anayetoka mbele anapunguza, anayeingia hapaswi kuongeza, hapo ndo makundi mengi yanavunjika, mtu akifika mbele anajisikia shujaa anakanyaga, wa nyuma wanaachana. Endelea na spidi uliyoikuta. Upepo ukiwa wa ubavuni mnajipanga kimshazari, kila mmoja pembeni kidogo ya gurudumu la mwenzake upande usio na upepo, vile mnavyoona wa mashindano wanafanya, ila wao barabara imefungwa, sisi tunapishana na malori, kwa hiyo mshazari wetu unaishia katikati ya barabara na wanaozidi wanaunda mstari mwingine nyuma.

Gia sina mengi. Meno 50 mbele na 17 nyuma, ukizungusha mara 90 kwa dakika unakaa kwenye 33 hivi kwa saa, na kinachosaidia bondeni ni sproketi (vile vigurudumu vya meno vya nyuma) zinazopishana jino mojamoja ili upepo ukibadilika kidogo we ubadilishe kidogo.

Mwili ndo wa kuangalia zaidi. Mlimani unasimama, unakaa, unashuka, bondeni unakaa vilevile siti ileile mkao uleule mpaka vidole viwili vya mwisho vinakufa ganzi, maana mshipa wa fahamu unapita kwenye kiganja pale unapoegemea. Hamisha mikono mara kwa mara, juu, kwenye breki, chini. Simama kwenye pedali hata kama hakuna kilima, nyoosha, kaa tena. Na kula kwa saa, usisubiri njaa, kwa sababu huku hakuna kileleni pa kukukumbusha kwamba umeshafanya kazi kubwa.

Kuhusu muda, mi nashauri asubuhi mapema, maana mara nyingi upepo unaamka jua likishapasha ardhi joto na mchana ndo unakuwa mkali. Na kama njia ni kwenda na kurudi, anza kwa kuukabili ukiwa mbichi, urudi unakusukuma.

Anayetaka dozi kubwa ya haya mambo, kule Ulaya kuna njia ndefu ya baiskeli inaitwa EuroVelo 6, inatoka Atlantiki mpaka Bahari Nyeusi na sehemu kubwa inafuata mito, Loire upande wa Ufaransa, alafu Danube mbele huko. Lakini si lazima uende mbali hivyo. Popote penye mto uliotulia, tuta, mabwawa na miti, angalia upepo unatoka wapi, jaza chupa mbili, na uende umbali ambao una uhakika unaweza kuurudia hata upepo ukigeuka.