Nta imekoma kuziba mrija

Hatimaye mafuta ninayotengeneza kwa kupasha moto plastiki na vifuu kwenye mtungi usioingiza hewa yametoka mepesi! Yana wekundu wa chai ya rangi, yamelala chupani usiku kucha bila kuganda, na utambi ukichovywa humo unashika moto mara moja.

Malighafi ni zilezile: madumu na vizibo, plastiki zenye namba 2 na 5 ndani ya alama ya pembetatu, pamoja na vifuu vya nazi vilivyopondwa. PET (plastiki ya chupa za maji) na PVC (ya mabomba) siziingizi kabisa. Ya kwanza huacha unga wa asidi unaoziba mabomba, ya pili hutoa hidrojeni kloridi, inayokula chuma na mapafu.

Kilichonitesa muda wote huu ni nta. Joto peke yake hukata minyororo ya plastiki ovyo ovyo, vipande vingi vinabaki virefu, na vikifika kwenye mrija wa shaba uliozama majini vinaganda palepale. Mrija ukiziba huku moto unawaka, presha inapanda mtungini. Hapo ni kuzima haraka na kukaa mbali. Nimeuzibua kwa waya, kwa maji ya moto, kwa mafuta ya taa, mpaka nikauchukia. Nikaweka mpana zaidi, nta ikahamia kwenye kona.

Dawa imekuwa kutenganisha plastiki na kichocheo, yaani udongo unaosaidia kukata minyororo hiyo. Udongo ukichanganywa mtungini, plastiki iliyoyeyuka na masizi huufunika kabla haujafanya kazi. Sasa kaolini (udongo mweupe) ya Pugu, karibu na Dar es Salaam, iliyochomwa kwanza kwa nyuzi 600, nimeifinyanga vigololi nikaijaza kwenye bomba la pili lenye moto wake, nyuzi 450. Mvuke unaotoka mtungini lazima upenye humo, na nta inakatwa tena kabla haijapoa.

Zeolaiti ya ZSM-5, kichocheo cha kiwandani chenye vitundu vidogo mno ambacho kampuni ya mafuta ya Mobil ilikipatia hataza mwaka 1972, ni kali zaidi, lakini kuiagiza ni ghali na kaolini iko hapa hapa. Na zile bastola za kupimia joto kwa mbali, bila kugusa, achaneni nazo: kwenye chuma kinachong'aa zinasoma chini mno. Waya wa kupimia joto (themokapo) wa aina ya K, uchomekwe ndani ya bomba, basi.

Nilipanga sasa nipime uwiano wa vifuu na plastiki, maana hidrojeni ya plastiki hupunguza oksijeni na asidi katika mafuta ya vifuu. Hilo litasubiri. Mkaa wa vifuu unaobaki mtungini umejaa vitundu, nataka kuujaribu badala ya udongo. Nimeshauponda na kuuchekecha. Fundi anakata wavu wa kuushikilia.