Siku Nne Mtoni, Siku Tatu Mjini

Kilichonipeleka Unguja ni harusi ya binamu yangu, na harusi yenyewe sitaisimulia. Ilifana, pilau ilitosha, tulicheza mpaka miguu ikavimba. Ninachotaka kusimulia ni siku niliyobaki mjini peke yangu, wenzangu wote wamesharudi Dar es Salaam kwa boti ya asubuhi, nikaamua kwenda kuona masultani na wake zao walivyokuwa wakiishi.

Nilikuwa nimelala vibaya. Chumba nilicholipia shilingi elfu sabini kilikuwa na feni inayozunguka bila kuleta upepo, na maji yalitoka bombani kwa muda mfupi tu alfajiri, ukichelewa basi. Elfu sabini! Kwa hela hiyo kwetu Kondoa napata chumba safi, supu ya asubuhi na chenji. Mwenye nyumba ya wageni alinijibu kwamba huu ni msimu wa watalii. Nikamwambia mimi si mtalii, ni Mtanzania. Akasema kitanda hakijui.

Pale Forodhani nikapokewa na kijana mwenye kitambulisho shingoni. Heshima tele, "Karibu dada, karibu sana Zanzibar." Akaniambia kwa elfu thelathini atanionyesha Beit al-Ajaib, lile Jumba la Maajabu, na kasri ya Beit al-Sahel, zote mbili, na kwamba tiketi ataninunulia yeye kwa bei ya wenyeji ili nisipange foleni. Akachukua fedha, akaniambia nimsubiri chini ya mti. Nilisubiri mpaka kivuli cha mti kikanihama. Nilipokwenda kumuuliza mlinzi wa Beit al-Ajaib, alinitazama kwa huruma. Jumba lilikuwa limefungwa muda mrefu kwa sababu ya ubovu, na hakuna mtu yeyote aliyekuwa akiingizwa. Hiyo ilikuwa kabla ya Desemba 2020, sehemu yake kubwa ilipoporomoka na kuua watu. Nilijisikia vibaya siku nzima. Mtu anayekuita dada halafu akakuibia anaudhi kuliko mwizi wa kimya kimya, na mji wenye historia kubwa namna ile haustahili kupokea wageni kwa njia hiyo.

Nikaenda Beit al-Sahel mwenyewe, kwa miguu, na tiketi nikakata mwenyewe. Ukiwa na kitambulisho cha taifa kiingilio kilikuwa kidogo, mgeni wa nje alilipa zaidi. Hapo sina lawama.

Jengo ni jeupe, limeikabili bahari, na kwa ndani lina utulivu ambao sikuutegemea baada ya kelele za barabara ya Mizingani. Lililopo leo si lile la kwanza kabisa. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza zililipiga eneo lote la kasri kwa muda usiofika saa nzima, kwa sababu Khalid bin Barghash alikuwa amekalia kiti cha usultani bila ridhaa yao. Beit al-Hukm, iliyokuwa katikati na ambamo wanawake wa nyumba ya sultani walikuwa wakiishi, ilibomolewa na haikusimama tena. Kabla ya hapo majumba yale matatu, Beit al-Sahel, Beit al-Hukm na Beit al-Ajaib, yaliunganishwa kwa njia za juu, za ghorofani, ili wanawake watoke nyumba moja waingie nyingine bila mtu wa barabarani kuwaona. Nilipotoka nje baadaye nilisimama kwenye ule uwazi ulioachwa na Beit al-Hukm, nikatazama juu, mahali zile njia zilipopita. Hewa tupu.

Ghorofa ya chini kuna mikataba ya biashara na picha za masultani, nikavipita haraka. Baada ya Mapinduzi ya 1964 jumba liliitwa Jumba la Watu na likawa na ofisi za serikali, halafu mwaka 1994 likafanywa makumbusho. Kuna chumba cha Sayyida Salme. Hapo ndipo nilipopunguza mwendo.

Salme alizaliwa mwaka 1844 katika kasri ya Mtoni, binti wa Sayyid Said bin Sultan, sultani wa Unguja, na suria wa Kicherkesi, kabila la milima ya Kaukazi, aliyeitwa Jilfidan. Mwaka 1866 aliondoka Unguja kwa ajili ya Mjerumani aliyempenda, Heinrich Ruete, na mwaka 1886 akachapisha kwa Kijerumani kumbukumbu za maisha yake. Nilizisoma zamani, nikiwa chuoni, na kuna mambo yaliyonikaa kichwani. Kwamba alijifundisha kuandika kwa siri, akinakili herufi za Kurani kwenye mfupa wa bega la ngamia, kwa kuwa mtoto wa kike alifundishwa kusoma tu. Kwamba masuria, hata wakipendwa vipi, hawakuketi kula pamoja na Sayyid. Walioketi ni watoto, na mkewe wa ndoa, Azza bint Seif, ambaye hakuzaa lakini nyumba nzima ilimwogopa. Kwamba ndugu zake waliozaliwa na mama wa Kihabeshi waliwaita wao, wa mama wa Kicherkesi, paka, kwa sababu baadhi yao walikuwa na macho ya buluu. Baba mmoja, uwanja mmoja, na watoto wanaitana paka.

Nikapanda juu. Ghorofa ya mwisho wamehifadhi makazi ya Sultani Khalifa bin Harub, aliyetawala kutoka 1911 hadi 1960. Nilitegemea dhahabu. Nilichokuta ni vyumba vya kawaida kabisa, vitanda, meza za kujipambia, na samani za fomika za aina ile iliyokuwa kwenye nyumba za walimu wakuu utotoni mwangu. Kuna chumba chake, na kuna vyumba vya wake zake wawili, Sayyida Matuka na Sayyida Nunu. Huhitaji kusoma maelezo kujua kwamba ni vya watu wawili tofauti. Kila mmoja alikuwa na anachokipenda, mbao yake, umbo la kabati lake. Nilisimama kati ya milango miwili, sikuweza kuondoka.

Pembeni alikuwa ameketi mama mmoja mtu mzima, mhudumu wa pale, amejifunga ushungi na miwani imeteremka puani. Nilikuwa nimeshamwamkia nilipofika.

"Mwanangu, umesimama sana hapo," akasema. "Watu hupita hapa mbio mbio, wapige picha ya kitanda, waende zao. Watokea wapi?"

"Natoka Bara, mama. Kondoa."

"Ndo wapi huko?"

"Dodoma."

"Mbali!" Akanitazama. "Babaako kaoa wangapi?"

Nilishtuka. Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo, tena mtu ambaye hatujajuana hata kwa jina. Nikamjibu wawili.

"Na weye wa bi mkubwa au wa bi mdogo?"

"Wa bi mdogo."

"Basi njoo ukae." Akanisogezea kigoda.

Nilikaa pale mpaka adhuhuri. Watalii walipita, Wataliano nadhani, wakatupiga picha sisi wawili bila kuomba, akawakemea kwa Kiswahili na wakaelewa. Akanieleza kwamba yeye mwenyewe alikuwa bi mkubwa. Mwenzake alikuwa akikaa Makunduchi, yeye hapa mjini. Mumewe akija Ijumaa jioni, akiondoka Jumanne asubuhi. "Nilikuwa naijua sauti ya baiskeli yake kabla haijafika kwenye kona. Na siku ya kuondoka nikimfungia andazi kwenye kitambaa, akalile huko, na mwenzangu naye akimrudisha na muhogo wa kwake. Siye wenyewe twapikiana. Watoto ndo walokuwa wakitazamana kama wageni."

Hapo nikamwambia kuhusu Sayyid Said. Salme anaeleza kwamba baba yao alikaa siku nne za wiki Mtoni, kwa mke mkubwa, na siku zilizobaki akiwa mjini, hapa hapa Beit al-Sahel. Mama yule akavua miwani. "Siku nne na tatu," akasema, "kama mume wangu. Naye sultani!" Akacheka mpaka akajifuta machozi, kisha akanyamaza, akauliza: "Na hao watoto wa siku tatu, walifanyaje?"

Sikuwa na la kumjibu, ila nilijua walichofanya, kwa kuwa nimekifanya. Baba yangu alikuwa na nyumba Kolo kwa mama mkubwa, na nyumba mjini kwa mama yetu. Kutoka Kolo mpaka Kondoa mjini si mbali, lakini kwa mtoto ilikuwa nchi nyingine. Sisi tulikuwa watoto wa siku tatu. Kaka yangu aliweka alama za mkaa nyuma ya mlango wa jiko kuhesabu siku, na baba alipofika tulimnusa shati tujue kule walipika nini. Watoto wa Kolo walituita "wa mjini" kwa namna ambayo haikuwa sifa. Sisi nasi tulikuwa na jina letu kwa ajili yao, ambalo siwezi kuliandika, maana leo ni ndugu tunaozikana na kuozana.

Watu wanaposimulia kasri hutaja idadi ya wanawake. Kule nje nilisikia mtembezaji akiwaambia wageni wake habari za masuria tisini na tisa kwa sauti ya kuchekesha, na wageni wakacheka. Nilitamani awaeleze habari za zile siku nne na siku tatu. Mtoni waliishi kama watu elfu moja, kwa hesabu ya Salme, na wengi wao walikuwa watumwa walioteka maji, wakapika, wakapepea, wakalea. Masuria nao walikuwa wamenunuliwa. Jilfidan alinyang'anywa kwao akiwa mtoto mdogo, akalelewa pamoja na mabinti wa Sayyid, akaja kumzalia Sayyid huyo huyo. Katika vyumba nilivyopita vya Beit al-Sahel nimeona vitanda vya mabwana na mabibi, sikuona mkeka wa aliyelala mlangoni akisubiri kuitwa. Hilo liliniuma, na nilimwambia yule mama. Akasema, "Bibi yangu mie alikuwa wa mlangoni." Hakuongeza neno, nami sikumchimba.

Alasiri nikaenda Mtoni. Nilitembea mpaka Darajani nikapanda daladala la 502, la Bububu, limejaa hadi kondakta ananing'inia, nauli ya mia chache. Ndiyo fedha pekee niliyoitoa safari nzima bila kunung'unika.

Mtoni pamebaki magofu. Ni kasri kongwe kuliko zote kisiwani, Sayyid Said aliijenga baada ya kuipenda Unguja kuliko Maskati, na leo ni kuta zisizo na paa, matao, mabaki ya hamamu, yaani mabafu, na bahari imekaribia mno. Uwanja wa ndani bado unaonekana. Salme anasema humo walitembea tausi, paa, mbuni na flamingo, na watoto wakicheza kati yao. Anasema pia kwamba mbele ya baba ilibidi waseme Kiarabu peke yake, lakini akigeuka tu vyumba vilijaa Kiswahili, Kiajemi, Kituruki, Kicherkesi, Kihabeshi na Kinubi. Kulikuwa na roshani kubwa ya duara karibu na bahari, wakiita bendjle, ambapo Sayyid alinywa kahawa na wakubwa wa familia na kutazama merikebu kwa darubini.

Nilitafuta ilipokuwa. Nilizunguka ukuta wa upande wa bahari mara kadhaa, mbu wameanza, na mwangalizi wa pale akinifuata kwa adabu akitaka kufunga. Nilichokuwa nikitaka kujua ni kama mtoto aliyesimama kwenye roshani ile angeweza kuuona mji, yaani kama watoto wa siku nne waliiona nyumba ya siku tatu. Mji unaonekana. Ng'ambo ya ghuba, majengo meupe yamepangana ufukweni. Kumbe walikuwa wakitazamana muda wote.

Salme mwenyewe alihamishwa kutoka Mtoni akiwa mdogo, kwa sababu kaka yake Majid, ambaye baadaye alikuwa sultani, alipewa nyumba yake mjini, Beit al-Watoro, na Jilfidan alikuwa amemwahidi mama yake Majid kwamba atamlea mwanawe akifiwa. Masuria wawili waliahidiana kuleana watoto. Miaka michache baadaye watoto wale wale wa Sayyid Said wakagombana hadi kufikia silaha, Barghash dhidi ya Majid, na Salme akiwa upande wa Barghash, akimwandikia barua zake za siri, kinyume cha kaka aliyelelewa na mama yake.

Usiku, nimerudi kwenye feni yangu isiyo na upepo, nikampigia mama simu Kondoa. Nikamsimulia yote, vyumba viwili, yule mama wa kigoda, siku nne na tatu. Nikamuuliza zile siku za Kolo alikuwa akizihesabu vipi.

"Sikuwa nahesabu," akasema. "Nilikuwa nalala. Mliokuwa mnahesabu ni nyinyi. Na mama yenu mkubwa aliniambia wa kwake ndivyo walivyofanya, ukutani kulijaa mkaa."

Kisha akauliza kama nimemletea karafuu. Nilikuwa nazo, kipakiti cha kiganjani kwa elfu tano, sokoni, kwenye kisiwa chenyewe cha karafuu. Alisikitika kwa bei hiyo muda mrefu kuliko alivyosikitikia jambo lolote nililomweleza, akanitaka ninunue kingine nipitishe Kolo nikienda kijijini.